Meza ya mninga imepasuka, fundi hapokei simu

Swali

Shikamoo mama. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Uyole hapa Mbeya. Tulipovunja kikoba mwezi wa pili niliapa kwamba safari hii fedha haitaishia kwenye mchele na sare za sherehe, nitanunua kitu kitakachobaki. Nikaenda kwa fundi mmoja upande wa Mwanjelwa nikamwagiza meza ya chakula ya mninga, ya watu sita, pamoja na viti vyake. Tukakubaliana shilingi 1,450,000. Nikampa kianzio 900,000: laki tano kwa simu, laki nne mkononi. Nilimweleza kwamba Aprili tuna sendofu ya binti wa dada yangu na wageni watakula kwangu. Akasema wiki tatu zinatosha. Hakunipa karatasi yoyote, aliandika kwenye daftari lake.

Sendofu ilipita tukiwa tumekaa kwenye viti vya kukodi. Meza ilikuja Mei, saa mbili usiku, juu ya kirikuu, na umeme ulikuwa umekatika. Ilikuwa inang'aa sana. Dereva alikuwa na haraka, nikammalizia fundi 550,000 palepale. Mwanzoni mwa Julai, usiku, nikasikia mlio kama mtu amevunja kijiti. Asubuhi nikakuta ufa umeanzia ukingoni ukaenda hadi katikati, kadi ya benki inapita. Sasa mbao za pembeni zimejikunja kwenda chini, ukiweka bilauri inacheza.

Fundi alikuja mara moja tu. Akasema ni baridi ya Mbeya, na kwamba kosa ni langu kuiweka meza kwenye dirisha linalopigwa na jua. Anataka 250,000 aitengeneze. Nilipokataa akaacha kupokea simu. Jirani yangu akainama akachungulia chini ya meza, akasema hii si mninga, ni paina iliyopakwa rangi. Mdogo wangu ana rafiki polisi, ananisukuma twende tukamkamatishe. Je, naweza kurudishiwa fedha yangu yote? Nianzie wapi? Ndaga fijo mama.

*Mwalimu, Uyole*

Jibu

Marahaba mwanangu. Nilipofika pale kwenye "saa mbili usiku, na umeme ulikuwa umekatika", niliiweka barua yako mezani nikatulia kwanza. Nimekaa miaka 19 kwenye benchi la mlangoni mwa karakana ya mume wangu, nikipokea oda, nikiandika daftari, na nikipokea hasira za wateja mambo yalipoharibika. Ninajua samani zinazoletwa gizani. Sisemi kwamba fundi wako alipanga giza lile, umeme hukatika kwa kila mtu. Nasema kwamba fedha ya mwisho ndiyo iliyokuwa nguvu yako pekee, nawe uliitoa kabla hujaiona meza kwa mwanga wa jua.

Leo, kabla hujampigia mtu yeyote, fanya mambo matatu. Isogeze meza mbali na dirisha. Ipige picha: ufa, kingo zilizojikunja ukiwa umeweka rula juu yake ili nafasi ionekane, na chini ya meza yote, hasa pale miguu inapoungana na fremu. Kisha tafuta ujumbe wa muamala wa zile laki tano, uupige picha nao, kwa sababu simu huibiwa na simu huharibika. Usikubali mtu yeyote aujaze ufa kwa gundi na unga wa mbao sasa hivi, hata kama ni bure. Ukijazwa kiangazi, mvua za Novemba zikianza mbao zitavimba, zitakuta pale pamezibwa, na zitapasukia mahali pengine.

Sasa hilo suala la baridi, maana ndilo fundi analojificha nyuma yake, na wateja wengi hulikubali kwa kuwa hawajaelezwa.

Ubao uliotoka kupasuliwa una maji mengi kuliko mtu anavyodhani. Paina mbichi inaweza kubeba maji yenye uzito kuzidi hata mbao yenyewe ikiwa kavu. Ubao wa samani za ndani unatakiwa ubaki na unyevu wa takriban asilimia 8 hadi 12 tu. Katikati ya hali hizo mbili ubao husinyaa, na husinyaa kwa namna yake: kwa urefu karibu haupungui kabisa, lakini kwa upana unajivuta. Meza yako, kama ni ya kawaida ya watu sita, ina upana wa sentimita 90 hivi. Ikiwa ni paina iliyounganishwa ikiwa na unyevu wa robo ya uzito wake, ikifika Julai imepoteza sentimita mbili hadi tatu za upana. Ukiwa umeigandisha kwa gundi na misumari kwenye fremu pande zote nne, fremu haitaki kusogea na uso wa meza unataka kupungua. Mmoja lazima ashindwe. Huo ndio mlio ulioamka nao usiku.

Wewe uliagiza mwezi wa pili, akaunda Machi na Aprili. Hiyo ndiyo mvua yenyewe hapa kwetu. Hewa ina maji, mbao zilizorundikwa nje chini ya turubai hazikauki, na ubao unaouona mkavu kwa kuushika unaweza kuwa mbichi ndani. Mei mvua zinaisha, Juni na Julai upepo mkavu unashuka kutoka milimani, ngozi zetu zenyewe zinapasuka. Kwa hiyo fundi anasema kweli kidogo. Hali ya hewa ndiyo iliyoukausha ubao, na jua la dirishani liliongeza kasi. Lakini yeye ni fundi wa Mbeya, hakuja jana kutoka Tanga. Julai inakuja kila mwaka. Kazi ya fundi wa huku ni kuunda meza Machi akijua Julai iko njiani: ubao mkavu, na uso wa meza ulioshikwa kwa skrubu zilizopita kwenye tundu refu, ili ubao uweze kuteleza kidogo unapojivuta. Hilo halikuwa jukumu lako kulijua, wewe ni mwalimu.

Kujikunja nako kuna sababu yake. Inama uguse chini ya meza. Ninakaribia kuwa na hakika kwamba juu imepakwa vanishi tabaka tatu au nne, na chini ni ubao mtupu. Upande mtupu unapoteza maji haraka kuliko upande uliofunikwa, na pande mbili za ubao zikikauka kwa kasi tofauti ubao hugeuka kama kigae. Mume wangu alikuwa anapaka chini kama anavyopaka juu, mteja asiyewahi kupainamia akiwa hajui kwa nini bei yetu imezidi ya jirani kwa elfu thelathini.

Tuje kwa jirani yako. Simkatalii, lakini neno la jirani aliyechungulia halitoshi kumwita mtu mwizi. Tafuta fundi mwingine, asiwe rafiki wa huyu wala mshindani aliyegombana naye, umlipe nauli na muda wake. Ukiwa naye, angalieni sehemu zisizopakwa rangi: chini ya uso wa meza, ndani ya fremu, chini ya viti. Mninga una kiini cha kahawia, wakati mwingine chenye wekundu na michirizi ya giza, na pembeni yake kuna weupe unaokaribia manjano. Paina ni nyeupe yenye njano hafifu, ina mistari inayopishana wazi, mmoja laini mmoja mgumu, kiasi kwamba kucha inaingia kwenye ule laini. Ina macho mengi ya matawi. Ukiikwangua kidogo hunukia utomvu. Na uzito: kiti cha mninga ukikinyanyua kwa mkono mmoja utajua umenyanyua kitu.

Nina jambo moja linalonifanya nisite. Mninga unasifika kwa kutulia, hujivuta kidogo kuliko mbao nyingi. Meza iliyopasuka na kujikunja kiasi hicho ndani ya miezi miwili ama ni mninga uliokuwa mbichi kabisa, ama si mninga. Na kuna njia ya tatu ambayo nimeiona mara nyingi kuliko hizo mbili: miguu na viti ni mninga kweli, uso wa meza ni kitu kingine kilichopakwa rangi, kwa sababu uso ndio unaokula mbao pana na za bei. Kwa hiyo msiangalie sehemu moja mkatosheka. Muulize fundi pia mbao alizitoa wapi. Kule Mafinga, kwenye shamba la Sao Hill ambalo ndilo shamba kubwa la miti ya kupandwa nchini, kinachovunwa ni paina na mikaratusi. Mninga hutoka kwenye misitu ya miombo, Chunya, Katavi, Tabora, nao husafirishwa kwa vibali na malipo ya serikali. Aliyeununua kihalali atakuwa ameununua kwa mtu mwenye karatasi. Akikwambia "nilitoa Mafinga", umeshapata sehemu ya jibu.

Fedha sasa. Mimi si wakili, nakueleza ninachokijua kwa kuwa nimesimama pande zote mbili za kaunta. Makubaliano yenu ya mdomo ni mkataba. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, haikudai karatasi kwa meza ya chakula. Karatasi inasaidia kuthibitisha tu. Na Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inasema kitu kinachouzwa kwa maelezo lazima kilingane na maelezo, na kwamba mnunuzi akimweleza muuzaji mwenye taaluma shughuli anayokihitajia kitu, akamtegemea kwa ujuzi wake, kitu hicho kinapaswa kufaa kwa shughuli hiyo. Wewe ulisema mninga, ukasema meza ya kulia chakula. Yote mawili yamo.

Lakini sheria hiyohiyo inamtazama na mnunuzi. Mtu aliyepokea kitu akakaa nacho muda wa kutosha bila kusema anakikataa, huhesabiwa amekipokea. Umekula kwenye meza hiyo Mei yote na Juni yote. Kwa hiyo kuirudisha na kudai 1,450,000 yote itakuwa kazi ngumu, nami sitaki ujenge matumaini yako hapo. Unachoweza kusimamia kwa nguvu ni fidia: gharama ya kuifanya meza iwe kama ilivyoahidiwa, au tofauti kati ya thamani ya ulicholipia na thamani ya ulicholetewa. Ikithibitika kwamba uso ni paina na aliuita mninga, dai lako linapata uzito mwingine kabisa, maana hapo kuna kukudanganya. Hata hivyo usikae kimya. Kila wiki unayopoteza kwa kununa inamsaidia yeye.

Mimi ningedai uso mpya. Viti na miguu kama ni vizima vibaki. Atengeneze uso mpya wa mninga mkavu, apake juu na chini, aufunge kwa namna inayoruhusu ubao kusogea, kwa gharama yake yote. Zile 250,000 usitoe hata senti. Ukizitoa umekiri kwamba kosa ni lako.

Mwandikie leo ujumbe wa simu, hata kama hapokei. Andika hivi, ubadilishe unachotaka: "Fundi, habari za kazi. Meza ya mninga niliyokuagiza kwa 1,450,000 na kuipokea Mei imepasuka na kujikunja mwanzoni mwa Julai. Naomba uje Jumamosi saa nne asubuhi tuikague pamoja, nitakuwa na fundi mwingine. Ninaomba uso mpya wa mninga mkavu kwa gharama yako ndani ya siku 30. Usipofika wala kujibu, nitalipeleka suala hili kwa mwenyekiti wa mtaa na kisha mahakamani." Usiweke tusi, usimtaje mke wake, usiandike neno "tapeli". Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, ujumbe wa simu unaweza kupokelewa kama ushahidi, na hakimu atasoma wa kwako kama atakavyosoma wa kwake.

Siku thelathini zinaweza kukuudhi. Utasema, nimeshasubiri vya kutosha. Akikwambia atakuletea uso mpya baada ya siku nne, mwogope zaidi, maana ubao mkavu wa upana huo haupatikani kwa siku nne isipokuwa kama alikuwa nao darini tangu zamani. Mwambie akuonyeshe ubao kabla hajaupiga randa. Mafundi wa zamani walikuwa na hesabu ya ubao mgumu kukaushwa kwa hewa, mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Mume wangu alikuwa anakata kipande kwenye kila mzigo, anakirudisha katikati ya mbao za mzigo uleule, na kila Jumatatu nakipima kwenye mizani niliyoazima kwa muuza dagaa. Uzito ukiacha kushuka, ubao umekwisha kutoa maji yake. Njia hiyo haina gharama, na fundi yeyote wa Mwanjelwa anaweza kuifuata.

Mume wangu aliianza njia hiyo baada ya aibu. Kulikuwa na mzee mstaafu wa reli ya TAZARA aliyetuagiza kabati la milango mitatu la mkongo. Tulikuwa na mzigo uliokuja na mvua, watoto walikuwa wanadaiwa ada, na mimi ndiye niliyemwambia mume wangu aunde. Agosti yule mzee akaja na mkokoteni, milango miwili juu yake, imejinyonga kama majani makavu. Hakupiga kelele. Aliisimamisha ukutani, akaketi kwenye benchi langu, akasema, "Mama, mimi sitapata pensheni nyingine." Nimeuza samani nyingi baadaye, lakini sentensi ile ndiyo iliyonifanya niandike kwenye daftari, mbele ya mteja, jina la mbao na mwezi tulioinunua. Tulimtengenezea milango mipya. Ilituchukua miezi mitano kwa sababu safari ile tulisubiri, na yeye alikubali kusubiri kwa kuwa tulimwambia ukweli siku ileile.

Ndiyo maana nataka umpe huyu fundi nafasi ya kusema ukweli, mara moja, kwa tarehe. Asipoitumia, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa ilipo karakana yake. Mwenyekiti hana mamlaka ya hakimu, lakini fundi anaishi kwa jina lake pale mtaani, na wengi hufika wakiitwa. Mkikubaliana, iandikwe kwa wino: nini kitafanyika, kwa mbao gani, lini, nani ameshuhudia, nyote mtie sahihi. Dereva wa kirikuu mtafute mapema, yeye ndiye shahidi wa siku ya kukabidhi na wa zile 550,000. Hapa Mbeya pia kuna ofisi ya kanda ya Tume ya Ushindani, FCC, ambayo kwa Sheria ya Ushindani ya 2003 ina kazi ya kumlinda mlaji. Kuwauliza ni haki yako.

Vikishindikana hivyo, Mahakama ya Mwanzo. Inasikiliza madai ya fedha yatokanayo na mkataba yasiyozidi shilingi milioni 30, inaendeshwa kwa Kiswahili, na watu wa kawaida husimama wenyewe wakajieleza. Kabla hujafungua dai, muone msaidizi wa kisheria, wapo tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 ilipowatambua, akusaidie kuliandika vizuri.

Polisi hapana, mwanangu. Mdogo wako anakupenda lakini anakupoteza. Fundi alichukua kazi, akaifanya, akaifanya vibaya. Huo ni mgogoro wa mkataba. Akiwekwa ndani siku mbili hatarandi ubao hata mmoja, ndugu zake watauza randa na msumeno kumtoa, na ule uso wa meza utausahau. Halafu fikiria kama uchunguzi utaonyesha ni mninga kweli, ila mbichi. Utakuwa umemfunga mtu kwa neno la jirani.

Mara nyingine, kianzio kisizidi nusu. Mwambie fundi akuandikie jina la mbao, vipimo, tarehe na bei kwenye karatasi mbili, moja yako. Pita karakana meza ikiwa bado haijapakwa rangi, hiyo ndiyo siku ya kuikagua, siyo siku inapong'aa. Na kirikuu kikija usiku, kipokee kwa ukarimu, mpe dereva chai, mlipe nauli yake, umwambie fundi kwamba salio lake atalipata asubuhi.

Swali

Mama, heshima yako. Mimi ni seremala hapa Makambako. Mteja aliniagiza kabati la nguo kwa 620,000 akatoa kianzio 200,000. Nimelimaliza mwezi wa tatu. Kila nikimpigia anasema wiki ijayo. Sasa ni mwezi wa tano limekaa karakanani, limenibana, na mvulana wangu mmoja nimemsimamisha kwa kukosa fedha ya kumlipa. Kuna mtu analitaka kwa 560,000. Nikiliuza nitakuwa mwizi?

*Fundi, Makambako*

Jibu

Baba, hutakuwa mwizi ukifuata utaratibu. Watu huandika sana juu ya mafundi wanaokimbia na fedha, wachache huandika juu ya kabati lililokwisha na mwenyewe haonekani, na mimi najua uchungu wa kulizunguka kila asubuhi ukitafuta mahali pa kuweka benchi.

Sheria ileile ya Mauzo ya Bidhaa inamruhusu muuzaji ambaye hajalipwa kuendelea kukishikilia kitu, na kumpa mnunuzi taarifa kwamba atakiuza. Mnunuzi asipolipa ndani ya muda wa kuridhisha, unaweza kuuza. Kwa hiyo simu za "wiki ijayo" zisikutoshe. Mwandikie ujumbe: kabati liko tayari tangu Machi, salio ni 420,000, usipolipa na kulichukua ndani ya siku 21 nitaliuza. Ukiwa na shahidi aliyeusoma, bora zaidi. Siku zikipita, uza kwa bei nzuri unayoipata na uandike jina la aliyenunua na kiasi.

Ile 200,000 usiile yote kwa hasira. Ukiuza kwa 560,000 umepungukiwa 60,000 kwa bei mliyokubaliana. Kata hiyo, na gharama nyingine ya kweli unayoweza kuionyesha, kinachobaki mrudishie kwa simu ili kumbukumbu ibaki. Najua utaona unamlipa aliyekutesa. Lakini akienda kulalamika kwa mwenyekiti, utakuwa na ujumbe wako, hesabu yako, na muamala wenye jina lake.

Kama hujalipata soko hadi mvua zinaanza, liinue juu ya matofali. Sakafu ya sementi hupitisha unyevu, na miguu ya kabati ndiyo inayoanza kuvimba.